Kuunganisha Power BI na faili, hifadhidata na API: mwongozo kamili hadi ripoti ijisasishe yenyewe

Swali linalorudi kila mara ni hili: ripoti ilikuwa nzima kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza, ikachapishwa, na siku iliyofuata ikaleta namba za jana au ujumbe wa hitilafu. Wengi huamua kwamba programu ni mbovu au kwamba kazi ya data imewashinda. Si hivyo. Walisimama mapema mno. Data kuonekana kwenye skrini ni nusu ya kazi. Muunganisho umekamilika pale ripoti inapojisasisha huku kompyuta yako imezimwa, na jumla zake zinalingana na za mfumo zilikotoka.

Ninatumia Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti za data, kwa sababu ndiyo ninayoulizwa zaidi. Kwa Tableau au Looker Studio majina ya vitufe yatakuwa mengine, lakini mpangilio wa kazi ni huu huu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta ya Windows yenye Power BI Desktop. Programu ni ya bure, ila haina toleo la Mac.
- Akaunti ya barua pepe ya kazini au ya chuo. Anwani za binafsi za bure hazikubaliwi kufungua huduma ya mtandaoni ya Power BI, ambako ripoti huchapishwa. Kama utawashirikisha wenzako ripoti, mara nyingi utahitaji pia leseni ya Pro.
- Kwa kila hifadhidata: jina la seva, jina la hifadhidata, na mtumiaji mwenye ruhusa ya kusoma tu.
- Kwa kila API (njia ambayo programu moja huomba data kutoka kwa nyingine): anwani yake ya msingi, ufunguo, na maelezo ya matumizi kutoka kwa mwenye huduma.
- Mtu wa TEHAMA unayeweza kumfikia. Hatua ya 7 itamhitaji.
- Namba moja ya kulinganishia kutoka kila chanzo, kwa mfano jumla ya mauzo ya mwezi uliofungwa na idadi ya mistari. Iombe kwa mwenye mfumo, usiikokotoe mwenyewe kutoka kwenye data utakayoivuta.

Hiki cha mwisho ndicho watu hukiruka, na ndicho ninachokisisitiza kuliko vyote. Bila namba ya kulinganishia huna njia ya kujua kama ripoti inasema kweli.

## Hatua ya 1: Orodhesha vyanzo kabla ya kufungua programu

Kwa kila chanzo andika mambo manne: kinakaa wapi, nani ana mamlaka nacho, hubadilika kila baada ya muda gani, na kina mistari mingapi.

Mahali kinapokaa huamua kama utahitaji lango la data, yaani programu inayoiunganisha huduma ya mtandaoni na data iliyo ndani ya mtandao wa ofisi. Mwenye mamlaka ndiye atakayekupa ruhusa, na ndiye atakayekuambia kabla ya kubadilisha jina la safu (column). Kasi ya mabadiliko huamua ratiba. Idadi ya mistari huamua hatua inayofuata.

## Hatua ya 2: Chagua kati ya kunakili data na kuiuliza pale ilipo

Power BI ina njia kuu mbili. Import huchukua nakala ya data na kuiweka ndani ya ripoti. DirectQuery haichukui nakala. Kila msomaji anapofungua ukurasa au kubadilisha kichujio, swali hutumwa kwenye hifadhidata muda huo huo. Tableau nayo ina mgawanyo kama huu.

Anza na Import. Ni ya haraka kwa msomaji, na haiulemei mfumo ambao watu wengine wanautumia kufanya kazi. Mipaka yake chini ya leseni ya Pro ni ukubwa wa GB 1 kwa kila modeli (majedwali ya ripoti pamoja na mahusiano yake) na kusasishwa kwa ratiba mara 8 kwa siku. Leseni ya Premium inafika mara 48.

DirectQuery ina nafasi yake pale data ni kubwa mno au lazima ionekane muda ule ule. Ukurasa wenye michoro kumi na miwili unaweza kutuma maswali kumi na mawili au zaidi kwa kila msomaji, na swali moja halirudishi zaidi ya mistari milioni 1. Isitoshe, faili za Excel na CSV haziwezi kuulizwa kwa njia hii kabisa. Nimeona ofisi zikichagua DirectQuery kwa kuwa neno “moja kwa moja” linavutia, wakati wasomaji wao hufungua ripoti mara moja asubuhi. Muulize msomaji: data ya saa moja iliyopita inakutosha? Karibu kila mara jibu ni ndiyo.

## Hatua ya 3: Faili za Excel na CSV

Hapa ndipo wanapokwama wengi, kwa sababu faili huonekana kitu rahisi.

Lihamishe faili kwanza, liunganishe baadaye. Anwani inayoanza na C:\Users ipo kwenye kompyuta yako tu, na huduma ya mtandaoni haiwezi kuifikia. Weka faili kwenye SharePoint au OneDrive ya kazini. Kisha lifungue kwa Excel ya kwenye kompyuta, nenda kwenye maelezo ya faili na unakili njia yake. Ondoa maneno ?web=1 mwishoni mwa anwani kama yapo. Rudi Power BI, bonyeza Get data, chagua Web, bandika anwani, na uingie kwa akaunti ya kazini.

Kama faili lazima libaki kwenye seva ya ofisi, tumia anwani kamili ya mtandao inayoanza na jina la seva, mfano `\\seva\mauzo`, badala ya herufi ya diski kama Z:. Herufi ile imewekwa kwa ajili yako wewe uliyeingia kwenye kompyuta. Programu inayojiendesha kwenye seva haiijui.

Geuza data ya Excel kuwa jedwali. Weka kishale ndani ya data, bonyeza Ctrl+T, na ulipe jedwali jina. Ukiunganisha ukurasa mzima wa kazi, kichwa cha habari kilichoandikwa juu, mstari wa jumla ulioongezwa chini na maelezo ya pembeni vyote vitaingia kama data. Jedwali lenye jina hubeba kilicho ndani yake tu, na hujipanua mistari inapoongezeka.

Usifungue CSV kwa Excel na kuihifadhi upya. Excel hukomea mistari 1,048,576 kwa ukurasa, mingine haiingii. Hufuta sifuri za mwanzo, hivyo msimbo 00417 unakuwa 417. Hutunza tarakimu 15 tu za namba, na namba ya akaunti iliyo ndefu zaidi ya hapo humalizikia kwa sifuri. Ukitaka kuchungulia, fungua kwa programu ya maandishi ya kawaida.

Unapoingiza CSV, angalia vitu vitatu kwenye dirisha la mwanzo. Usimbaji wa herufi uwe UTF-8, unaoonyeshwa kwa namba 65001; ukiona majina yenye alama ngeni, tatizo ni hapo. Alama inayotenganisha safu iwe sahihi, maana faili nyingine hutumia nukta-mkato badala ya mkato. Halafu tarehe: 03/04/2024 inaweza kuwa tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi, na programu itachagua kufuata mpangilio wa eneo bila kukuuliza. Ndani ya Power Query, dirisha la Power BI la kusafisha data hatua kwa hatua, bonyeza kichwa cha safu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda Change Type, kisha Using Locale, na utaje mwenyewe eneo faili lilikotoka. Ukiwa na sauti mbele ya anayetengeneza faili, mwombe aandike 2024-04-03. Mtindo huo hauna utata.

Sasa mtego wenyewe. Unapoingiza CSV, Power BI huandika idadi ya safu ndani ya amri, kitu kama Columns=12. Mwezi ujao mwenye faili akiongeza safu ya 13, haitaingia, na hutapata onyo lolote. Fungua mstari wa fomula wa hatua ya kwanza, futa sehemu hiyo ya Columns pamoja na mkato wake, na safu mpya zitaonekana.

Kama faili huja kila mwezi, usiunganishe moja moja. Unganisha folda nzima, na programu itazipanga faili zote juu ya nyingine. Sharti ni moja: vichwa vya safu viwe vile vile katika kila faili, herufi kwa herufi.

*Ukifaulu utaona:* faili likibadilishwa na jipya lenye jina lile lile, ukisasisha, data mpya inaingia bila wewe kugusa hatua yoyote.

## Hatua ya 4: Hifadhidata

Anza na mtumiaji. Usiunganishe ripoti kwa akaunti ya msimamizi hata kama ndiyo pekee uliyonayo leo. Nenosiri la akaunti hiyo litakaa ndani ya mfumo mwingine, na siku likivuja, aliyelipata anaweza kufuta kila kitu. Kwa MySQL, msimamizi ataandika hivi:

```
CREATE USER 'ripoti'@'10.0.0.25' IDENTIFIED BY 'nenosiri_refu';
GRANT SELECT ON mauzo.* TO 'ripoti'@'10.0.0.25';
```

Anwani ya IP hapo ni ya kompyuta itakayobeba lango la data. Hivyo mtumiaji huyo hawezi kuingia akitokea kwingine. Ukijaribu kwenye kompyuta yako kwanza, mwombe msimamizi akuongezee ruhusa ya muda.

Kisha mtandao. Muunganisho ukigoma kabla hata ya kuulizwa nenosiri, kuna uwezekano mkubwa mlango wa mtandao (port) umefungwa. Namba za kawaida za milango ni 1433 kwa SQL Server, 3306 kwa MySQL, 5432 kwa PostgreSQL na 1521 kwa Oracle. Zitaje unapomwandikia mtu wa TEHAMA. “Haiunganishi” peke yake haimsaidii.

Draiva, programu ndogo inayoiwezesha Power BI kuzungumza na hifadhidata, pia huangusha wengi. MySQL inaweza kukutaka usakinishe Connector/NET. Unachosakinisha kwenye kompyuta yako hakijisakinishi kwenye kompyuta ya lango, kwa hiyo kinahitajika pande zote mbili. Na ukitumia ODBC, njia ya jumla ya kuunganisha hifadhidata za aina mbalimbali, draiva ya biti 32 haionekani na Power BI ya biti 64.

Orodha ya majedwali ikifunguka, usichague yote. Chuja mapema: chagua safu unazozihitaji na miaka unayoihitaji, mwanzoni kabisa mwa hatua. Power Query hujaribu kuzigeuza hatua zako kuwa swali moja la SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) ili seva yenyewe ichuje na kutuma kilichobaki. Bonyeza hatua ya mwisho kwa kitufe cha kulia. Ukiona View Native Query inabonyezeka, kazi inafanyika kwenye seva. Ikiwa imefifia, yawezekana data yote inasafirishwa kwanza ndipo ichujwe kwako, na hiyo ni sababu ya kawaida ya usasishaji unaochukua saa nzima badala ya dakika chache.

Kama mantiki ni nzito, mwombe msimamizi aiweke ndani ya hifadhidata kwa amri ya CREATE VIEW, yaani swali lililohifadhiwa kwa jina, nawe uiunganishe view hiyo kama jedwali. Ni safi kuliko kubandika SQL ndefu ndani ya Power BI, ambako hatua zitakazofuata kwa kawaida hazitatumwa tena kwenye seva.

## Hatua ya 5: Huduma za mtandaoni na API

Kabla ya kugusa API, angalia kama kiunganishi kipo tayari. Google Sheets, Salesforce na Google Analytics vyote vinavyo. Kwa Salesforce, chagua kuunganisha vitu vyenyewe badala ya ripoti zake, kwa kuwa njia ya ripoti hukomea mistari 2,000 na jumla zako zitapungua kimyakimya.

Kama kiunganishi hakipo, utaandika ombi mwenyewe. Liandike hivi tangu mwanzo:

```
Web.Contents("https://api.example.com",
  [RelativePath = "v1/mauzo",
   Query = [page = "1"],
   Headers = [Authorization = "Bearer UFUNGUO"]])
```

Watu wengi huunganisha vipande vya anwani kwa alama ya & na kupata anwani moja ndefu. Kwenye kompyuta yao inafanya kazi. Huduma ya mtandaoni inaikataa, kwa sababu lazima ijue anwani ya msingi bila kuendesha hesabu yoyote. Ukitenga anwani ya msingi na sehemu zinazobadilika kama hapo juu, usasishaji unakubalika. Thamani za Query ziwe maandishi, ndiyo maana “1” imo ndani ya alama za nukuu.

Ukiweka ufunguo kwenye Headers kama hivi, chagua kuingia kwa njia ya Anonymous; njia nyingine itakupa hitilafu. Kumbuka pia kwamba yeyote atakayepata faili lako la ripoti, la .pbix, ataweza kuusoma ufunguo huo, hivyo omba ufunguo wenye haki ya kusoma tu na usilisambaze faili ovyo.

API nyingi hutoa data ukurasa kwa ukurasa. Ukipata mistari 100 kamili, au 500, au 1,000, shtuka: huo huenda ni ukurasa wa kwanza tu. Soma maelezo ya huduma ujue inavyotaja ukurasa unaofuata, kisha tengeneza kitendakazi (function) kinachorudia ombi hadi kurasa ziishe.

Na ukipokea namba ya hitilafu, isome. 401 ni ufunguo usiokubalika au uliokwisha muda. 403 ni kwamba umetambulika lakini huna ruhusa. 429 ni kwamba umeomba mara nyingi mno, kwa hiyo punguza kasi au uvute kipindi kifupi zaidi.

## Hatua ya 6: Weka aina za data, unganisha majedwali, linganisha

Misimbo ya bidhaa, namba za simu na namba za akaunti ziwe maandishi. Kigezo ni rahisi: kama hutawahi kuijumlisha, si namba. Ukiona safu ya tarehe ina thamani kama 45000, usishangae. Hiyo ni tarehe 15 Machi 2023 jinsi Excel inavyoihesabu. Igeuze kuwa tarehe.

Unapounganisha jedwali la mauzo na la bidhaa, upande wa bidhaa lazima kila msimbo utokee mara moja tu. Kuna kero moja ya kuijua mapema: Power Query hutofautisha herufi kubwa na ndogo, ila modeli ya Power BI haitofautishi. Kwa hiyo “ab12” na “AB12” zitapita ukiondoa marudio, halafu modeli itakataa ikidai kuna marudio. Geuza safu nzima iwe herufi kubwa na uondoe nafasi tupu za pembeni *kabla* ya kuondoa marudio.

Sasa toa ile namba ya kulinganishia. Weka kadi mbili kwenye ukurasa mtupu, moja ya jumla na moja ya idadi ya mistari.

Ikiwa jumla yako ni ndogo, tafuta mistari iliyopotea: kichujio, ukurasa wa API usiovutwa, au seli zilizogeuka hitilafu wakati wa kubadilisha aina. Ikiwa ni kubwa, karibu hakika uliunganisha majedwali mahali ambapo upande mmoja una marudio, na kila mstari wa mauzo ukajizidisha. Ikiwa mistari ni sawa lakini jumla si sawa, angalia desimali, 1.250 ni elfu moja na mia mbili hamsini katika nchi moja, na ni moja na robo katika nyingine.

Tofauti ndogo nayo ni tofauti. Usichapishe hadi uweze kuieleza.

## Hatua ya 7: Chapisha, weka lango, panga ratiba

Chanzo kikiwa kwenye wingu, huduma ya Power BI itakifikia yenyewe ukishaijazia hati za kuingilia (jina la mtumiaji na nenosiri, au ufunguo) kwenye mipangilio ya modeli. Kikiwa ndani ya mtandao wa ofisi, inahitajika programu ya lango la data, inayoonekana kwenye menyu ya kupakua kwa jina Data gateway.

Isakinishe kwenye kompyuta isiyozimwa, si laptopu ya mtu. Chagua aina ya kawaida badala ya ile ya binafsi, ili wenzako nao waitumie. Andika ufunguo wa kurejesha na uuhifadhi mahali salama, maana hakuna wa kukutolea mwingine lango likihitaji kuhamishwa. Mtu wa usalama akisita, mweleze kwamba lango hufungua mawasiliano yanayotoka ndani kwenda nje tu; hahitaji kufungua mlango wowote wa kuingilia.

Jina la seva lifanane pande zote. Ukitumia anwani ya IP kwenye Desktop na jina la seva kwenye lango, Power BI itaona vyanzo viwili tofauti na kukuambia lango halijapatikana. Wengi hupoteza siku nzima hapa.

Ukichanganya faili na hifadhidata unaweza kukutana na hitilafu ya Formula.Firewall. Ni ulinzi unaozuia data ya chanzo kimoja kuvujia kingine. Viweke vyanzo vyote vya ofisi kwenye kiwango cha faragha cha Organizational, kwenye Desktop na kwenye huduma. Kuzima ukaguzi kwenye kompyuta yako hakukupi uhakika kwamba huduma nayo itakubali.

Kwa ratiba, pitisha dakika kadhaa baada ya chanzo kufunga kazi zake. Kumbuka saa za huduma: fomula ya DateTime.LocalNow ikiendeshwa mtandaoni hutoa saa za UTC (saa za kimataifa, si za eneo lako), kwa hiyo kichujio cha “leo” kinaweza kuangukia siku nyingine. Washa barua pepe za hitilafu, na uongeze anwani ya mtu wa pili, kwani usasishaji ukishindwa mara 4 mfululizo Power BI huizima ratiba yenyewe.

Jaribio la kukamilisha: zima kompyuta yako. Mwombe mwenye chanzo aongeze rekodi moja inayotambulika. Subiri muda wa ratiba, kisha fungua ripoti kwa simu. Rekodi ikionekana, kazi imekwisha.

Mwisho, andika mahali pamoja ni akaunti ya nani iliyotumika kwa kila chanzo na nenosiri lake litabadilishwa lini. Mwenye modeli akiondoka kazini, mwenye haki ya kuhariri anaweza kuichukua kwa kitufe cha Take over kwenye mipangilio, lakini atalazimika kuangalia upya mipangilio ya lango na kujaza hati za kuingilia. Bila kumbukumbu hiyo, atarudi hatua ya 1.